Mjane wa Uwanja wa Osundwa

Ukitoka Butali ukielekea Matete, utauona uwanja wa Chuo cha Ufundi cha Shibandala kabla hujakiona chuo chenyewe. Chuo ni mabweni machache ya mabati yenye kutu na karakana ambayo mashine zake hazijawahi kuunguruma tangu zishushwe kwenye lori. Uwanja ndio mambo. Umejengwa kwa zege, una paa upande wa wakubwa, una taa kwenye milingoti, na viti vyake vya bluu vinaweza kukalisha lokesheni nzima pamoja na wageni wao. Wanafunzi huchota maji mtoni kwa mitungi, lakini nyasi za uwanja hunyunyiziwa asubuhi na jioni.

Kwenye ukuta wa mbele, kwa herufi ndefu kushinda mtu mzima, wameandika UWANJA WA OSUNDWA. Chini yake kuna jiwe jeusi linaloeleza kwamba marehemu Osundwa alikuwa mwanafunzi mwenye bidii na mlinda lango shupavu aliyekitolea chuo hiki uhai wake. Mimi nimesoma mawe mengi ya makaburi, na najua watu husifiwa wakishalala. Lakini hilo jiwe halina hata neno moja la kweli, ukiacha jina. Hakuwa mwanafunzi. Bidii hakuijua. Na huo uhai hakuutoa popote, kwa maana anao mpaka leo, anautumia kula mahindi ya kuchoma kule Lugari.

Mtu ambaye ukuta huo haumtaji ni Pascalia Naliaka, mke wake, jirani yangu. Acha nikueleze habari zake, kwa kuwa chuo hakina mpango wa kuzieleza.

Pascalia aliletwa hapa kutoka Matete akiwa msichana mwenye sauti kubwa na mdomo usiokaa na neno. Kama chakula chako hakina chumvi, atakwambia. Kama mahubiri yamekuwa marefu, mhubiri mwenyewe ataambiwa mlangoni. Wengine walimwogopa. Mimi nilimpenda siku ile ile, maana hapa kwetu watu husema maneno yao mtu akishapita.

Osundwa wakati huo alikuwa akipakia miwa kwenye trela za trekta. Alikuwa mrefu, mzuri wa sura, na alijua. Mkuu wa chuo wa siku hizo alipita siku moja akamwona akidaka mafungu ya miwa aliyorushiwa, fungu baada ya fungu, bila kuangusha. Chuo kilikuwa na timu ya mpira isiyokuwa na kipa wa maana. Jumatatu iliyofuata Osundwa akavalishwa sare, akaandikishwa kuwa mwanafunzi wa useremala, na tangu siku hiyo hadi alipopotea hakuwahi kushika randa. Kuingia darasani aliingia mara moja tu, kutafuta kivuli.

Uwanja wenyewe wakati huo ulikuwa shamba la miwa lililong'olewa. Milingoti ya goli ilikuwa ya mikaratusi, na ikipigwa na mpira ilitoa maganda. Sisi wanawake ndio tuliookota mawe na kupanda nyasi, kipande kwa kipande, tumeinama, huku wanaume wakibishana mstari wa kati upite wapi. Pascalia alipanda nyasi za golini kwa mikono yake ili mume wake asijiumize akijirusha. Hakuna jukwaa lililopewa jina la wapanda nyasi, na wala halitakuwapo.

Tuseme ukweli, Osundwa alikuwa anajua kudaka. Shida ni kwamba alipenda kuonekana akidaka kuliko alivyopenda kudaka. Mpira wa kushikwa kwa mkono mmoja alijirusha kwa mbwembwe akaviringika mara tatu. Siku ya soko, kesho yake baada ya mechi, alikwenda Butali kununua chumvi akiwa amevaa glavu zake za golini. Alitembea polepole katikati ya wauza mboga mpaka mtu amuulize jana ilikuwaje. Alilipia chumvi akiwa na glavu, akapokea chenji akiwa na glavu, na sarafu zikimponyoka, aliyeinama kuziokota alikuwa Pascalia.

Ikaja fainali ya vyuo. Watu walijaa mpaka juu ya miti. Timu zilikuwa sare na mechi inakaribia kuisha, wageni wakapiga shuti dhaifu kutoka mbali, mpira unajiburuta tu chini. Osundwa aliuona. Sote tulimwona akiuona. Lakini watoto wa upande wa miwa walikuwa wakiimba jina lake, naye akageuka kuwapungia mkono. Mpira ukapita katikati ya miguu yake ukalala wavuni, yeye bado mkono uko juu.

Jioni hiyo, uani, mbele ya majirani waliokuja kumpa pole, Pascalia alimuuliza swali moja.

"Baba Christine, ulikuwa unapungia nani?"

Basi. Hakumtukana, hakupiga kelele. Lakini watu walicheka, na kuchekwa kwa Osundwa kulikuwa ugonjwa. Kulipopambazuka hakuwa nyumbani. Wachungaji wa ng'ombe walikuta jezi yake na glavu zake kwenye ukingo wa mto Nzoia, zimekunjwa vizuri, na mto ulikuwa umefurika kwa mvua. Vijana walipiga mbizi, wakatafuta hadi chini ya daraja, hawakupata kitu.

Kwetu mtu asiyepatikana haachwi hivi hivi. Ukoo ukisubiri na kukata tamaa, hukatwa mgomba wa urefu wake, ukavishwa nguo zake, ukafungwa blanketi, ukawekwa kwenye jeneza na kuzikwa bomani kama mtu, kwa maombi na kilio. Hapo amekufa. Hata akitokea baadaye akiwa mzima, haruhusiwi kukanyaga boma mpaka kondoo achinjwe na wazee wamtoe kwa wafu. Osundwa alizikwa hivyo. Mgomba ulivaa suti yake ya harusi, ukaliliwa na kijiji kizima.

Na ni pale kaburini ambapo mama mkwe, Mzee Mideva, alisimama mbele ya watu wote akamnyooshea Pascalia kidole.

"Wewe mtoto wa Matete! Ni mdomo yako imemsukuma mtoni. Umeua mtoto wangu, na Mungu anaona!"

Hakuna aliyemnyamazisha. Mchungaji aliangalia Biblia yake. Kuanzia siku hiyo Pascalia akawa mwanamke aliyemla mume wake, na watu wetu wakishakubandika jina hawabandui. Kwenye matanga walimwomba asikaribie jiko. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi siku zote, hata Krismasi. Mimi nilikaa naye, basi nikaambiwa nimchunge mume wangu asije naye akaliwa. Mume wangu mwenyewe alikuwa mlevi wa kupindukia, hakuna mdomo wa mtu ambao ungemmaliza kabla ya chang'aa.

Kilichomvunja Pascalia ni habari ya Christine, binti yake. Msichana alipata mchumba wa heshima, mwalimu kutoka Lugari, na wazazi wa kijana wakaja kwa mazungumzo. Pascalia alichinja jogoo wawili, akasonga ugali, akapamba nyumba. Wageni walisimama sokoni njiani kuuliza boma liko wapi, na sokoni hawakuelekezwa boma tu. Walifika, wakanywa chai, wakasema wamesahau jambo nyumbani. Ingokho, kuku wa heshima kwa wageni, ilibaki kwenye sufuria. Christine akaenda Eldoret, akaolewa huko bila ndugu wala jamaa, na tangu hapo hajarudi. Akipiga simu husema yuko salama, halafu hukata.

Ndugu zake Pascalia walimwambia arudi Matete. Akakataa.

"Nikienda watasema nimekimbia," aliniambia. "Musimbi, mimi sitaki shamba, sitaki nyumba. Nataka tu siku moja wale watu wote wakae mahali pamoja waambiwe sikuua mtu."

Alikuwa na kibanda cha chai nje ya uwanja wa mpira. Wanafunzi, ambao hawakujali nani amemla nani, walimmalizia mandazi kila siku.

Miaka ikaenda. Chuo kikapata mkuu mpya anayejiita Daktari Wangila. Daktari wa nini, mpaka leo hatujaambiwa. Huyu alikuta bwalo linavuja, akaona kinachohitajika haraka ni uwanja. Wafadhili wakapatikana, tingatinga zikaja, nyasi tulizopanda zikafukuliwa kwa asubuhi moja. Zege likapanda juu ya miwa. Halafu likaja swali la jina, na hapo ndipo akili za wasomi wetu zilipoonekana.

Kwanza walitaka kuuita kwa jina la mheshimiwa mmoja aliyechangia simenti. Wazee wa ukoo wakakohoa. Kwetu jina la mtu aliye hai halichukuliwi. Ukiita mtoto au nyumba jina hilo wakati mwenyewe anapumua, umemwita kaburini. Mheshimiwa alipoelezwa aliondoa jina lake haraka sana, na nadhani ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya haraka. Basi ikabidi atafutwe maiti. Mzee mmoja akamkumbuka kipa aliyezama kwa uchungu baada ya chuo kushindwa. Wote wakapiga makofi. Ule mpira uliopita miguuni ukasahauliwa, mkono uliokuwa ukipunga ukasahauliwa, na Osundwa akawa shujaa kwa kura ya kamati iliyokuwa inataka kwenda kula.

Herufi zilikuwa zimeshapandishwa ukutani alipokuja Maina, dereva wa lori linalobeba mahindi kutoka Lugari. Alikunywa chai kibandani, akatazama ukuta, akatazama chini, mwishowe akasema.

"Mama Christine, usinichukie. Huyu Osundwa wenu niko naye huko kila wiki. Ananipimianga magunia."

Pascalia hakulia. Alifunga kibanda, akanijia, akaniomba nimsindikize. Tulipanda lori la Maina tukaenda.

Tulimkuta mbele ya nyumba, kwenye shamba kubwa la wazungu wa zamani, ameketi kwenye gunia anakula hindi la kuchoma. Kitambi kimemtoka, kichwa kimebaki na nywele za pembeni, lakini alikuwa yeye. Alipomwona mke wake hakushtuka sana. Alijipangusa mdomo.

"Mama Christine," akasema. "Ni kweli wameandika jina yangu kwa ukuta?"

Hilo ndilo lililokuwa la kwanza. Hakuuliza mtoto yuko wapi, wala mama yake kama anaishi.

"Wameandika," Pascalia akajibu. "Sasa niambie, ulituacha mbona?"

"Nilikuwa nirudi. Halafu nikasikia mmenizika. Mtu akishazikwa atarudi aje?" Akasogea mbele kidogo. "Nasikia watu walikuwa wengi. Walilia?"

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mlangoni na ungo, ameacha kupepeta. Huyo ni Chepkorir, aliyezaa naye watoto wanne huko. Akaweka ungo chini.

"Mimi aliniambia ni bibi yake alikufa," alisema. "Sasa hapa ni nani alikufa?"

Osundwa akaanza kikohozi kirefu.

Pascalia alimweleza Chepkorir kila kitu, mwanamke kwa mwanamke, pasipo matusi. Kisha akamgeukia yule bwana. "Sikutaki. Kaa na mama huyu, kama yeye anakutaka. Mimi nataka kitu moja. Siku ya kufungua uwanja, kila mtu atakuwa hapo, mpaka mama yako. Kuja usimame useme, mimi ndiye Osundwa, hakuna mtu aliniua. Uwanja si boma, hakuna mzee atakukataza kukanyaga. Ukishasema, enda zako."

"Ataenda," Chepkorir akasema. "Mimi mwenyewe nitamfulia shati."

Osundwa akaahidi. Aliahidi mbele yetu watatu, mkono kifuani.

Siku ya ufunguzi walikuja watu kutoka Butali, Matete, hata Shinyalu kule mbali. Kulikuwa na bendi, na mahema, na wazee wa ukoo viti vya mbele wakiwa wameshakula mara ya kwanza. Mzee Mideva aliletwa kwa gari. Macho yamezimika kwa uzee, amevalishwa kitenge kipya, ameketishwa kwenye kochi kama mama wa shujaa. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kugawa soda, kwa hiyo niliyaona yote.

Osundwa alifika amevaa koti na kofia. Pascalia akampeleka moja kwa moja kwa Daktari Wangila, nyuma ya hema la wageni.

"Daktari, mwenye uwanja amekuja."

Daktari alimtazama, akatazama pembeni. Alielewa upesi kuliko nilivyomtegemea. Akamvuta Osundwa kando ya kreti zangu, akaongea kwa upole wote.

"Mzee wangu, karibu sana. Lakini tuelewane. Kama uko hai, wazee watasema jina ishushwe leo leo. Hatuwezi kuita uwanja na mtu anatembea. Tutatafuta marehemu mwingine, wako wengi. Hiyo ni shauri yako."

Osundwa akainua uso akauangalia ukuta. Jua lilikuwa linaziangazia zile herufi. Aliziangalia kwa muda mrefu, midomo ikimtikisika kama anazisoma moja moja. Hapo hapo nikajua, na nikatamani kumvunjia chupa kichwani.

Hotuba zilipoanza, Daktari alisoma maisha ya marehemu, machozi karibu yamtoke. Alipofika pale pa kuutoa uhai wake, Pascalia aliinuka, akapanda jukwaani, akamnyang'anya maiki.

"Mume wangu hajakufa," alisema. "Huyu hapa, mwenye kofia. Nimemleta aseme mwenyewe."

Uwanja mzima ukageuka. Baadhi ya wazee walimtambua mara moja, nikawaona wakianza kukagua viatu vyao. Mtu akampa Osundwa maiki ya pili. Alivua kofia. Akakohoa.

"Mimi ni mgeni kutoka Lugari," akasema. "Huyu mama simjui, pole kwake. Nilikuja tu kuona uwanja ya marehemu."

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema maskini, Pascalia amerukwa na akili, dhambi yake imemrudia. Pascalia alisimama pale jukwaani akiwa ameshika maiki kwa mikono miwili. Nilimwonea uchungu mpaka nikaacha kreti.

Mambo yangeishia hapo kama yule mjinga angerudisha maiki. Hakurudisha. Umati ulikuwa unamtazama, maelfu, wote kimya, na hilo lilimshinda.

"Lakini nasikia huyo Osundwa alikuwa kipa hatari," akaendelea, sauti ikipanda. "Hapa Western yote hajatokea mwingine. Nasikia alikuwa anaruka mpaka watu wanasahau kupumua. Hata hiyo fainali, wanasema jua ilimpiga macho."

Kwenye kochi, Mzee Mideva alishika fimbo yake akasimama. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza. Kijana wa skauti akataka kumsaidia, yeye akampiga mkono.

"Osundwa," aliita. Hakutumia maiki, lakini palikuwa kimya. "Wewe hata kujikana umeshindwa bila kujisifu."

Kicheko kilianzia kwa wanafunzi, kikapanda majukwaani. Osundwa akarudisha kofia kichwani. "Mama," akasema, na maiki bado iko mdomoni, "si hivyo." Hapo kicheko kikawa radi. Alishuka kwenye majani akakata katikati ya uwanja kuelekea lango la nyuma, haraka, na bendi, kwa ujinga wao, ikampigia wimbo. Hakuna aliyemzuia wala kumpa soda.

Daktari Wangila alikuwa anapunga karatasi, anaomba utulivu, anasema ratiba iendelee. Wazee walishanong'onezana wakakubaliana kwamba mtu aliyezikwa amezikwa, kondoo hajachinjwa, kwa hiyo kwa sheria ya ukoo bado ni marehemu na jina lisiguswe. Wasomi na wazee huelewana vizuri sana chakula kikiwa karibu.

Lakini Mzee Mideva hakuwa amekaa. Alikuja akipapasa kwa fimbo hadi chini ya jukwaa, akauliza Naliaka yuko wapi. Pascalia akateremka, maiki bado mkononi. Yule mama akamshika mkono, akautafuta uso wake kwa vidole, akasogeza mdomo karibu na sikio lake.

"Mwanangu," akanong'ona, nami nilikuwa karibu nikasikia. "Nilikusingizia. Miaka yote hii. Nisamehe."

Nilidhani Pascalia atamkumbatia. Wanawake waliokuwa karibu walishaanza kushika pua zao, tayari kulia. Pascalia alimtazama mama mkwe wake, halafu akawatazama wale wanawake, na wazee, na mchungaji aliyekuwa ameketi safu ya pili. Akaiweka maiki mikononi mwa yule mama, akamkunjia vidole juu yake.

"Sema hapa, mama," alimwambia. "Siku ile kaburini hukuninong'oneza."